Maswali ya Wasomaji: Kushindilia Espreso Nyumbani

Toleo lililopita lilihusu mashine ndogo za espreso za nyumbani, na barua zilizofuata karibu zote zinauliza jambo moja: kushindilia, ile hatua ya kuubana unga wa kahawa ndani ya kichujio kabla ya kufunga mpini unaokibeba kichujio hicho kwenye mashine. Kifaa chake hapa tunakiita kishindilio. Dukani ukisema tampa utaeleweka. Barua zilizofanana tumezijibu pamoja.

Swali: Poleni na kazi, wahariri. Kila mahali nasoma kwamba kahawa ishindiliwe kwa nguvu ya kilo 15. Nitajuaje kwamba nimefika 15? Na nikizidisha, nitaharibu kitu? (Msomaji wa Ntinda, Kampala)

Jibu: Kilo 15 ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kisikunyime usingizi. Asili yake ni pauni 30 walizokuwa wakifundishwa wahudumu wa espreso, sawa na kilo 13.6, watu wakaijazia hadi 15 kwa urahisi wa kukumbuka.

Unga uliotoka kusagwa umejaa hewa. Unapoanza kuubana, hewa inatoka na chembe zinasogeleana hadi zinashikana. Zikishashikana, nguvu ya ziada haina pa kwenda. Ndiyo maana tofauti kati ya kilo 5 na 15 unaionja kikombeni, ila kati ya 15 na 20 ni vigumu kuiona hata kwa saa ya kupimia. Kisha angalia mashine yenyewe inafanya nini: kichujio cha milimita 58 kina uso wa sentimita za mraba 26 hivi, na maji yakisukumwa kwa baa 9, yaani karibu mara 9 ya mgandamizo wa hewa, uso huo unabebeshwa zaidi ya kilo 240. Mkono hauwezi kushindana na hilo, wala hautakiwi. Kazi ya mkono ni kuyaandalia maji kitanda kilichonyooka, chenye ubanano mmoja kila mahali, na kinachofanana na cha jana. Ukizidisha nguvu, kahawa haitaharibika. Utakachoumiza ni kifundo cha mkono.

Kama kichujio chako ni cha milimita 51, kama zilivyo mashine nyingi ndogo, uso wake ni mdogo, kwa hiyo kilo 11 au 12 zinatoa ubanano ule ule ambao 15 zinautoa kwenye cha 58.

Sasa zoezi lenyewe. Tafuta mizani ya kupimia uzito wa mwili, ile ya mshale. Nyingi za kidijitali husubiri uzito utulie kisha hugandisha namba, hazikuonyeshi mkono unavyopanda. Mizani inaongeza kimo cha meza, basi iweke mahali pa chini kidogo ili mikono ibaki pale inapokaa siku zote. Tandika kitambaa juu yake, weka mpini wenye gramu 18 za unga (au kiasi kinachoingia kwenye kichujio chako), urudishe mshale kwenye sifuri kwa kigurudumu cha pembeni.

Shindilia polepole. Mwanzoni kishindilio kinazama kwa urahisi, kisha kinagoma. Hapo kinapogoma mshale utakuwa bado chini ya 15. Endelea taratibu hadi ufike, shikilia sekunde 2, achia. Fanya mara 10 ukiangalia mshale. Halafu mara 10 nyingine ukiangalia ukutani, mtu mwingine asome namba na kuziandika. Karatasi ikionyesha 11, 17, 13, 19, mkono bado unabahatisha. Ikionyesha 14, 15, 15, 14, mkono umeshajua. Kati ya mara moja na nyingine koroga unga ulegee, maana uliokwisha kubanwa haukupi ile hali ya kuzama kisha kugoma, na hiyo ndiyo unayojifunza.

Usimalize kahawa nzuri kwa mazoezi haya. Mashapo ya jana yaliyoanikwa juani hadi yakakauka kabisa yanatosha kufundisha mkono, ingawa usiyapitishie maji ukitegemea kujifunza chochote kuhusu ladha. Dakika 5 kwa siku kwa wiki moja, kisha rudia kupima mara moja kwa mwezi, kwa sababu mkono husahau pole pole bila mwenyewe kujua.

Swali: Keki ya kahawa, yaani unga uliobanwa, ikitoka kwenye kichujio naiona imeinama, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Tena mdomo mmoja wa mpini unatoa kahawa nyingi kuliko wa pili. Nimejaribu kukaza mkono zaidi, haikusaidia. (Mpenda Kahawa, Jinja)

Jibu: Kukaza hakusaidii kwa sababu tatizo lako ni mwinamo. Maji hupita mahali penye upinzani mdogo. Upande mwembamba unapitisha maji mengi, unakamuliwa kupita kiasi na kutoa uchungu. Upande mnene unabaki haujakamuliwa, unatoa uchachu. Ukionja kikombe ambacho ni kichungu na kichachu kwa wakati mmoja, mshuku mwinamo kabla ya kitu kingine chochote.

Chanzo mara nyingi ni jinsi unavyosimama. Usisimame ukielekea meza moja kwa moja. Geuka ubavu kidogo ili kiwiko kikae juu kabisa ya kishindilio, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Shika kishindilio kama unavyoshika kitasa cha mviringo cha mlango, kichwa chake kikiingia kwenye kiganja, na kidole gumba na cha shahada vikishuka hadi kugusa ukingo wa kile kitako cha chuma. Vidole hivyo viwili ndivyo macho yako: vinapapasa kama ukingo wa kishindilio na ukingo wa kichujio viko sambamba. Kisha sukuma kwa kuegemeza mwili, bega likishuka. Mkono usifanye kazi ya kukunja na kukunjua, maana misuli huvuta upande wake. Meza ikiwa juu, usawa wa kifua, hutaweza kuegemea. Shusha kazi hadi usawa wa nyonga.

Angalia pia unapouweka mpini. Mipini mingi yenye midomo miwili ikilazwa mezani hukaa juu ya midomo hiyo na kuyumba. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kioshe vizuri, kikunje mara mbili na ukitandike ukingoni mwa meza: mpini unakaa juu yake, midomo inaning'inia nje, hautelezi wala hauyumbi.

Kujua kama umefaulu, chukua njiti ya kiberiti baada ya kushindilia. Isimamishe ikigusa ukuta wa kichujio, ncha yake ikigusa kahawa bila kuichoma, na uweke alama ya ukucha pale inapolingana na ukingo. Hamia upande wa pili, kisha pande mbili zilizobaki. Alama nne zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, bado umeinamisha. Ni ya mazoezi tu hii. Asubuhi ya haraka, macho yanatosha.

Kuhusu ule mdomo unaotoa kidogo: ikiwa keki imenyooka na bado midomo haitoi sawa, weka glasi ya maji nusu juu ya mashine. Huenda meza yenyewe ndiyo iliyoinama.

Swali: Nashindilia kwa uangalifu, na uso wa keki ni laini kama kioo. Lakini kahawa inaanza vizuri, halafu ghafla inageuka rangi ya majani makavu na kukimbia. Mara nyingine inarusha hadi ukutani. Kosa langu liko wapi? (Msomaji wa Kawempe)

Jibu: Kosa liko kabla ya kushindilia. Uso laini unakuonyesha milimita ya juu tu. Chini yake kuna mabonge na mapengo, na kishindilio hakiwezi kuyaondoa: kinalibana bonge likawa gumu zaidi, na pengo lililo jirani likabaki legevu. Maji ya baa 9 yakilikuta hilo pengo yanachimba mfereji, na kuanzia hapo karibu maji yote yanapita humo. Ndiyo ile rangi ya majani makavu unayoiona, na ndicho kinachorusha.

Dawa yake ni kuchambua unga kwa sindano nyembamba. Mwaka 2005 Mmarekani John Weiss ndiye aliyeieneza njia hii, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kifaa chake kinauzwa, lakini unaweza kujitengenezea kwa kizibo cha chupa na sindano 5 za kutungia shanga, zile nyembamba kabisa za namba 10, ambazo ni chini kidogo ya nusu milimita. Sindano za kushonea nguo za kawaida ni nene, zinalima mitaro badala ya kuchambua. Chomeka ncha kali ndani ya kizibo, tundu zibaki nje, ili zisikuchome wala kukwaruza kichujio, na uzitawanye zisikaribiane.

Weka unga kwenye kichujio. Zamisha sindano hadi chini kabisa na uzizungushe kwa miduara midogo midogo ukienda kutoka katikati hadi kingoni, sekunde 10 hivi. Panda hadi katikati ya kina, rudia. Malizia juu, ukisawazisha uso. Kichujio kikijaa hadi kumwaga, vesha juu yake pete pana ya plastiki au kipande cha kopo kilichokatwa vizuri kizuie unga. Gonga mpini mezani mara moja, wima, unga utulie. Ndipo ushindilie.

Na jambo moja ambalo wengi hulifanya kwa mazoea: baada ya kushindilia wanagonga ubavu wa mpini kwa kishindilio ili kuangusha unga uliobaki kingoni. Acha kabisa. Kugonga huko kunaibandua keki kutoka kwenye ukuta wa kichujio, na maji yanapita pembeni yote. Unga wa kingoni futa kwa kidole.

Sababu nyingine ya keki kupasuka ni wakati wa kukinyanyua kishindilio. Kikiwa kinabana sana kwenye kichujio, ukikivuta kwa kasi kinanyonya hewa na kuinua keki. Kizungushe kidogo bila kukandamiza, kisha kiinue polepole.

Swali: Nyumbani tunatumia kahawa ya Bugisu, na wakati mwingine Robusta kutoka Masaka anayotuletea shemeji. Mkono ni ule ule, gramu ni zile zile, lakini muda haulingani kabisa. Je, Robusta ishindiliwe kwa nguvu zaidi? (Baba wa familia, Mbale)

Jibu: Hapana, mzee wetu. Ukianza kubadilisha nguvu kwa kila kahawa utakuwa umeitupa faida yote ya kuufundisha mkono. Mkono ubaki ule ule. Kinachobadilika ni usagaji.

Kahawa hizi mbili ni mimea tofauti. Ya Bugisu ni Arabika ya miteremko ya Mlima Elgon, imekomaa polepole kwenye baridi, punje yake ni ngumu na nzito. Robusta, ambayo ni mti wa kwao hapa Uganda, ina kafeini karibu mara 2 na inatoa povu jingi na zito. Zinavunjika tofauti kwenye meno ya mashine ya kusagia, kwa hiyo alama moja ya kusagia haitoi unga mmoja. Ukaangaji nao unachangia: iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ni nyepesi na hukatika kirahisi, gramu 18 zake zinajaza kichujio kuliko gramu 18 za iliyokaangwa kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Gramu 18 za unga kwenye mizani ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya 10 ya gramu. Kikombe kiwe juu ya mizani, ulenge gramu 36 za kahawa, ukihesabu sekunde tangu unapobonyeza kitufe. Ikifika kati ya sekunde 25 na 30, onja. Ikifika kwenye sekunde 15 na ni nyepesi na chachu, saga laini zaidi kwa hatua moja. Ikidondoka kwa shida hadi sekunde 45 na ni chungu, saga nene kwa hatua moja. Kila ukibadilisha, geuza mashine ya kusagia ikiwa inazunguka, na utupe gramu 3 hadi 5 za kwanza, maana ndani umebaki unga wa kipimo cha zamani. Andika alama ya kila kahawa kwenye pakiti yake: Bugisu alama hii, Masaka alama ile. Shemeji akileta mzigo mpya, anza na alama hiyo kisha urekebishe.

Muulize pia imekaangwa lini. Sisi tuna bahati ya kuipata kahawa iliyokaangwa wiki hii hii, lakini ya juzi bado imejaa gesi. Inafura na kutoa povu linalodanganya, na muda unarukaruka. Iache siku 7 hadi 14 ndani ya mfuko uliofungwa.

Jambo la mwisho kwako: gramu zile zile zikijaa juu kupita kiasi, keki inagusa bati la juu la mashine na kuvunjika. Ioshe sarafu ya shilingi 500, iweke juu ya keki iliyoshindiliwa, funga mpini, kisha ufungue bila kupitisha maji. Sarafu ikiwa imezama ndani ya kahawa, punguza gramu 1.

Swali: Mimi na mume wangu tunatumia mashine moja. Yeye ana mkono mzito, mimi mwepesi. Asubuhi akitengeneza yeye inachelewa, nikitengeneza mimi inakimbia, na kila mmoja anaigeuza mashine ya kusagia kumrekebisha mwenzake. (Dada wa Mbarara)

Jibu: Kwanza, dada, mkubaliane kwamba mashine ya kusagia haiguswi kwa siku 3. Kisha nyote mfanye lile zoezi la mizani, lakini lengo liwe namba ambayo wewe unaifikia bila kujikaza, hata kama ni 10. Mwenye mkono mzito anaweza kushuka. Mwenye mkono mwepesi akijilazimisha kupanda atainamisha.

Mkishindwa kukutana, nunueni kishindilio cha springi. Ndani yake kuna springi iliyopangwa, mara nyingi kwa kilo 13 au 14, nayo ikifika inaachia kwa mlio au kwa mguso unaousikia kiganjani. Chagueni chenye bamba pana la juu linalokaa kwenye ukingo wa kichujio, kwa sababu springi peke yake inalinda nguvu tu, haizuii kuinama. Kisioshwe kwa kutumbukizwa majini; maji yakiingia springi inapata kutu na kipimo kinapotea.

Swali: Assalaam aleikum. Mashine yangu ilikuja na kishindilio cha plastiki, na natumia kahawa iliyosagwa tayari ya supamaketi. Nishindilie vipi? (Msomaji wa Arua)

Jibu: Waaleikum salaam. Geuza kichujio uangalie chini. Ukiona tundu moja dogo tu, kichujio chako kina kuta mbili, na lile tundu ndilo linalotengeneza mgandamizo badala ya kahawa. Hicho kiliundwa kwa kahawa yako hasa. Sawazisha unga, ubane kidogo tu unyooke, basi. Ukikaza sana, tundu linaziba na mashine inanguruma bila kutoa kitu.

Ukiona matundu mengi madogo chini yote, kahawa ya supamaketi itakukimbia hata uikanyage, kwa kuwa imesagwa nene. Hapo unahitaji mashine ya kusagia yenye meno ya kusaga; blenda inakatakata na kuacha vipande vikubwa na vumbi pamoja.

Kile cha plastiki, pima upana wake kwa rula, kisha upime mdomo wa kichujio kwa ndani. Vingi vimepungua milimita 2 na zaidi, kwa hiyo vinaacha pete ya unga usiobanwa kuzunguka ukuta. Kwa kichujio cha kuta mbili si kitu. Kwa cha matundu mengi, tafuta cha chuma kinachoingia kikibakisha nafasi isiyozidi nusu milimita.

Swali: Mchana kahawa yangu ni nzuri. Jioni, kwa unga ule ule na mkono ule ule, inadondoka tu. (Msomaji wa Bombo)

Jibu: Usiulaumu mkono mpaka uupime umeme. Jioni watu wengi wakiwasha kwa pamoja, nguvu ya umeme inashuka na pampu ndogo inadhoofika. Toa mpini, pitisha maji matupu kwa sekunde 10 hadi kwenye kikombe na uyapime kwa gramu, mchana na jioni. Jioni yakipungua sana, tatizo ni umeme, na kifaa cha kusawazisha umeme chenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya mashine kitakusaidia. Yakiwa sawa, pima unyevu: msimu wa mvua unga ulioachwa wazi tangu asubuhi unavuta maji ya hewani na kushikana. Saga kile utakachotumia wakati ule ule.